Bi mkubwa anarudi kwenye kitochi: naomba msaada wa kumpangia simu

ukili_na_chane:

Wakuu, shikamooni wanaostahili, wengine mambo vipi.

Mama yangu ana miaka 71, anakaa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Mwaka jana kaka alimnunulia simu ya kupangusa, nzuri tu, kioo kikubwa. Shida ni kwamba mama anasuka mikeka tangu tunazaliwa, vidole vimekauka kwa ukindu na kioo hakimsikii. Anapangusa, anapangusa, mwisho kinafunguka kitu kingine kabisa. Simu ikiita anaiangalia inavyoita mpaka inakata, kisha anamtuma mtoto wa jirani aje "anirudishie huyo aliyepiga." Kwa sasa simu imekuwa ya wajukuu kutazamia katuni.

Juzi kanitamkia waziwazi: nirudishieni simu yangu ya kubonyeza. Ile ya zamani ilikufa, kwa hiyo nimemnunulia kitochi kipya hapa Kariakoo, cha laini mbili, chenye redio. Nakwenda Ijumaa na ningependa nikimkabidhi kiwe tayari.

Sasa nisaidieni. Laini yake ni ile iliyokatwa ndogo, itaingiaje? Majina yote yako kwenye simu ya kupangusa, na nadhani yamefungwa na akaunti ya kaka. Na kubwa zaidi ni hili: mama anasoma Kurani vizuri sana, lakini herufi hizi zetu anazisoma moja moja kwa taabu. Tarakimu anazijua. Mtu kama huyo unampangiaje majina? Kwenye simu ya zamani alikuwa anapokea tu, kupiga anapigiwa na watoto.

Msinijibu "mfundishe taratibu atazoea." Kaka alisema hivyo hivyo.

---

fundi_Ngamiani:

Dada (au kaka, jina halisemi), karibu. Niko Tanga mjini, natengeneza simu tangu enzi za Nokia 1100, ile ya mwaka 2003 yenye tochi kichwani. Ile simu ndiyo iliyotuharibu, maana kila kinachokuja baadaye tunakipima nayo. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja usiopenya vumbi, ukashika sokoni, ukashika shambani. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani na mimi bado kuna mzee ananiletea ya kwake nimbadilishie mpira.

Tuanze na laini, maana hapo ndipo watu wanapoua simu mpya. Kama mama ametunza lile ganda la plastiki laini ilimotoka, irudishe humo humo, itashika saizi ya kitochi. Kama halipo, pita kwa fundi yeyote akupe fremu ya kupachikia. Kigandishe kwa selotepu nyembamba upande usio na shaba ili laini isicheze. Usiitumbukize ndogo hivyo hivyo bila fremu, itakwenda kukaa mahali isipotakiwa. Na siku ukiitoa laini, fremu tupu usiiache ndani wala usiivute kwa nguvu: meno ya simu yananasa kwenye lile tundu, yakipinda umeshanipa kazi.

Watakuja humu watakwambia mpeleke mama dukani abadilishiwe laini, apewe mpya yenye saizi zote tatu. Inawezekana, ila ni lazima aende mwenyewe, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) mkononi, aweke kidole. Fikiria: vidole ambavyo kioo hakivisikii, na mashine ya alama za vidole itahangaika navyo. Ulipokuwa msimu ule wa kusajili laini kwa vidole, mpaka tarehe ya mwisho ya Januari 20, 2020, nilikuwa nawaona wasukaji na wapaa samaki wanafutwa kidole kwa kitambaa, mara kidole gumba, mara cha kati, foleni nyuma inaguna. Umvushe mama kivuko kwa ajili ya hilo, na fremu ipo? Fremu.

Zima simu, toa betri, laini iingie shaba ikitazama chini, kona iliyokatwa ifuate mchoro uliochorwa kwenye chuma. Weka nafasi ya kwanza. Nafasi ya pili iache wazi kabisa. Laini mbili kwa mtu wa umri ule ni kumtafutia swali kila anapopiga: nipige kwa ipi? Simu ikiwa na laini moja haiulizi.

Kabla hujaondoka Dar bonyeza *#06#. Zitatokea namba za utambulisho wa simu, IMEI, za tarakimu 15, mbili kwa sababu simu ni ya laini mbili. Zilinganishe na za kwenye boksi na za kwenye karatasi iliyo chini ya betri, kisha tuma moja kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu nyingine, rudi dukani mchana huo huo. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, meza yangu ilijaa simu nzima zisizoshika mtandao, na hapakuwa na cha kutengeneza.

Kuchaji: ile habari ya "chaji masaa nane kwanza" ni ya betri za zamani. Hizi za lithiamu chaji ikijaa chomoa, basi. Ila betri uitazame. Ilaze mezani uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba, kataa.

Sasa ngoja nipate chai, nikirudi tuongee majina. Hilo ndilo swali lenyewe.

---

MamaKilifi:

Habari zenu majirani. Huku kwetu Kenya kitochi tunakiita kabambe, na ile ya tochi ilikuwa mulika mwizi.

Nikuongezee moja tu wakati fundi anakunywa chai. Ile kadi kubwa laini iliponyofolewa, iliyoandikwa PIN (namba ya siri ya laini) na PUK (ya kuifungulia ikijifunga), itafutwe na ifichwe mahali. Mamangu wajukuu walimchezea simu, wakaweka PIN ya laini visivyo mara tatu, ikajifunga ikawa yataka PUK. Na PUK ukikosea mara kumi laini imekufa, hata nani hawezi kuifufua. Kama kuna PIN inayoulizwa simu ikiwashwa, iondoe kwenye mipangilio ya usalama. Mtu mzima wa kijijini simu ikizima chaji usiku aiwashe asubuhi na ipige, isimuulize kitu.

---

ukili_na_chane:

Asanteni sana. Fundi, mimi ni dada. IMEI zimelingana na 15090 wamejibu jina lile lile la simu, nimepumua. Kadi ya PUK nahisi kaka alitupa na boksi.

Nimeanza kukichezea hiki kitochi, na kitu kimoja kimeniudhi: kile kitufe kikubwa cha katikati, ukikigusa tu kinafungua intaneti. Mama atakigusa mara ngapi kwa siku?

---

fundi_Ngamiani:

Mara nyingi, na salio lake litakwenda kimya kimya. Nina wateja wanakuja wanalalamika mtandao unawaibia, nikishika simu nakuta kitufe cha katikati kinaingia intaneti bila kifurushi. Ingia mipangilio, tafuta muunganisho wa data, zima. Kama simu haina pa kuzimia, nenda kwenye akaunti za data ufute au uharibu jina la APN, yaani anwani ambayo simu inapitia kuingia intaneti, herufi moja tu ukiipotosha haiungi tena. Kwenye simu nyingine unaweza kukibadilisha kitufe chenyewe kazi, mwekee redio au tochi. Michezo nayo usimwoneshe. Mingine ni ya kujaribu, ikiendelea inaomba kutuma meseji ya kulipia.

Haya, majina.

Sahau kuyahamisha yote. Najua simu nyingi za kupangusa zinaweza kunakili majina kwenda kwenye laini, nawe utashawishika. Laini kwa kawaida inabeba kama majina 250, kila jina namba moja tu, na jina refu inalikata. Majina ya kwenye akaunti ya kaka yakimwagika humo, mama atakuta "Juma Fundi Bomba Mbag" na ndugu zake, watu asiowajua. Chukua daftari. Kaa naye mkekani, muulize: ungependa kumpigia nani? Hawatazidi kumi. Ziandike namba zote zikianza na +255. Alama ya kujumlisha unaipata kwa kubonyeza nyota mara mbili, au kushikilia sifuri kwenye simu nyingine. Mtoto aliye nje ya nchi ataingia kwa namna hiyo hiyo.

Halafu yahifadhi kwenye simu, siyo kwenye laini. Sababu yake ni hii: jina lililo kwenye kumbukumbu ya simu, simu nyingi zinakuruhusu kulipa mlio wake. Mama asiyesoma herufi anasikia. Wewe uwe na mlio wako, kaka wake, shangazi wake, na wasiojulikana wote mlio wa kawaida ule wa kiwandani. Ikiita anajua ni nani kabla hajaifuta mikono. Chagua milio inayotofautiana kweli kweli, siyo kengele mbili za ukoo mmoja. Na mwambie: mlio wa kiwandani si lazima kuupokea. Nusu ya matapeli umeshawafungia mlango.

Kupiga ndiyo rahisi zaidi. Ipo sehemu ya kupiga kwa haraka, ama ndani ya majina ama kwenye mipangilio ya simu. Unafunga namba ya mtu kwenye kitufe, kuanzia 2 mpaka 9. Mama akishikilia 2 hesabu ya kumeza mate mawili, inapiga. Hakuna kusoma, hakuna kutafuta. Mfundishe kwa kidole, asitazame: kwenye kitufe cha 5 kuna kipele kidogo kilichoinuka, akikipata hicho amepata vyote vinavyokizunguka. Wasukaji wana macho kwenye ncha za vidole, atakushangaza.

Kitufe cha 1 kwa kawaida kimefungwa na ujumbe wa sauti. Futa ile namba, asije akakishikilia akaongeleshwa na mashine.

---

wakala_stendi:

Fundi amemaliza upande wa simu, mimi niongelee upande wa hela maana nina uhakika mama anatumiwa.

Hela haiko kwenye simu. Watu wengi wanaogopa kubadilisha simu wakidhani salio la M-Pesa litabaki kule. Laini ikihama, imehama na hela yake, na namba ya siri ni ile ile. Kwenye kitochi anapiga *150*00# kama ni Voda. Mitandao mingine ina yake. Menyu inakuja kwa namba: moja hiki, mbili kile, unajibu namba unatuma. Mama anayejua tarakimu ataweza kuliko unavyodhani, ila ile menyu haina subira. Akikawia inajifunga, na lazima aanze upya. Mwambie kujifunga siyo kukatwa hela, wazee wengi hapo ndipo wanapopaniki wakarudia kutuma mara mbili. Kama hajapata meseji ya kuthibitisha, aulize salio kwanza.

La pili ni zito. Kila siku nanyooshewa simu kwenye kibanda, "mwanangu nitolee, namba ya siri ni..." na anaitaja kwa sauti, foleni nzima inasikia. Mimi huwa nairudisha simu mkononi mwake nasema andika mwenyewe bibi. Wengine wananuna. Nawe dada, hata wewe usiijue. Mwache aichague mwenyewe, isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiandikwe nyuma ya betri wala kwenye majina kwa jina la "SIRI". Nimeyaona yote hayo.

Kisha hizi meseji za "ile hela itume kwenye namba hii." Yeye hasomi, lakini mtoto wa jirani atamsomea, na mtoto atasema bibi unaambiwa utume hela. Mkubaliane kabisa: habari ya hela ni kwa sauti ya mtu anayemjua, kwa mlio anaoujua. Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040. Na ukiwa hapo naye piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wakati mwingine zinakuwa nyingi kuliko mama mwenyewe anavyojua.

---

kaka_wa_mbali:

Nimefuata kiungo nilichotumiwa na dada, ndiyo mimi huyo kaka mnayemsema. Simu ya kupangusa niliitoa kwa moyo mweupe jamani.

Niko Marekani. Nimeona huku simu ndogo za kukunja, vitufe vikubwa vimetengenezewa wazee hasa. Nisimtumie moja badala ya hicho kitochi?

---

fundi_Ngamiani:

Kaka, moyo mweupe tumeuona. Simu usitume.

Nyingi za huko zimefungwa na kampuni iliyoziuza, laini ya nje haziikubali. Hata ikifunguliwa, masafa ni mengine: huko simu za 2G zilitumia MHz 850 na 1900, huku ni 900 na 1800. Na nyie mitandao ya zamani mmeshaizima, AT&T walifunga 3G mwaka 2022, kwa hiyo simu za huko sasa zinategemea 4G kwa kupiga. Bweni ninavyoijua mimi, kinachoshika ukutani nyuma ya nyumba ni 2G, na kitochi kinatosheka nayo. Mtumie dada yako hela anunue betri ya akiba ya aina ile ile, aiweke kwenye kabati la mama. Betri ndiyo kitu cha kwanza kitakachochoka.

---

MamaKilifi:

Na kamba ya shingoni! Mamangu hujiangika simu shingoni tangu azoee kabambe. Kuna kitundu kidogo pembeni kwenye nyingi, kamba hupita hapo.

---

ukili_na_chane:

Nimerudi Dar jana usiku. Ripoti.

Fremu iliingia vizuri. Saa nikaiweka sawa kwanza maana ilikuwa inasoma mwaka mwingine kabisa, nikampangia kengele mbili za dawa ya presha, asubuhi na jioni, kwa mlio tofauti na wa watu. Lugha nimeweka Kiswahili. Data nimezima. Maandishi nimekuza mpaka mwisho. Kufunga vitufe nimekuacha kuwe kwa mkono, kule kujifunga kwenyewe kulimkera, kila akiishika inamwambia afungue.

Majina yametoka manane. Kulikuwa na mvutano kidogo juu ya nani akae kitufe gani. Mimi nilitaka kuwapanga kwa wanaopiga sana. Mama akasema la, kwa kuzaliwa. Nikamwambia lakini tunaanzia 2, wa kwanza atakuwa mbili, utachanganya. Akanitazama: "Moja ni mimi." Hapo ubishi ukaisha. Kwa hiyo yeye ni moja, kaka ni mbili, mimi tatu, wadogo zangu nne na tano, halafu shangazi, mwenzake wa kusuka, dereva wa bodaboda anayempeleka kliniki, na kwenye tisa sheikh wa madrasa. Kile kipele cha kwenye tano ni mdogo wetu wa mwisho, naye amefurahi kupita kiasi.

Kupiga kwa haraka amekushika siku hiyo hiyo. Alinipigia nikiwa chumba cha pili akakata. Mlio wangu ni ule wa jogoo, yeye ndiye aliyechagua, sitaki maswali.

*106# ilileta laini mbili. Moja hatuijui. Mama anasema kuna kijana aliwahi kupita kusajilisha laini akamwomba kidole mara mbili, akisema ya kwanza haikusoma. Hiyo nitaifuatilia.

Tatizo moja limebaki, fundi. Kitufe cha 6, cha shangazi, akishikilia haipigi. Vingine vyote vinapiga. Nimemsajili upya shangazi na bado.

---

fundi_Ngamiani:

Hongera. Na ile laini msiyoijua usiiache, mama aende na kitambulisho ofisi ya mtandao unaohusika aikane, ifungwe. Hapo sasa kivuko kina maana.

Kitufe cha 6: angalia shangazi umemhifadhi wapi. Nahisi yeye ulimnakili kutoka kwenye laini, wengine uliwaandika kwenye simu. Simu kadhaa hazikubali kupiga kwa haraka jina lililo kwenye laini, au zinalikubali kisha zinalisahau betri ikitolewa. Mwambie mtoto wa jirani afungue jina, achague kuhamishia kwenye simu, kisha arudi kwenye orodha ya vitufe afute 6 na kuipanga tena. Ikigoma, mjaribu shangazi kwenye 7 na dereva kwenye 6. Dereva naye akigoma kwenye 6, basi ni kitufe chenyewe hakikai chini vizuri, niletee, ni kazi ya kusafisha tu. Dereva akikubali kwenye 6, shangazi ndiye mwenye matatizo: namba yake itazame, pengine ina nafasi au sifuri imebaki baada ya +255.

---

ukili_na_chane:

Sifuri baada ya +255. Imepiga.